Mnara wa visanduku juu ya meza ni mzuri kwa foto

Leo sitaongea ya mihogo wala ya bei ya mbolea. Nataka kuchambua kitu ambacho wengi wenu mumekipenda: ule mnara wa visanduku vya sauti ulioko juu ya meza, kwenye kona yetu ya kurekodi. Visanduku vitatu, vyeusi, vya upana mmoja, kimoja juu ya kingine, na kitambaa cha kroshe juu kabisa. Foto yake ilizunguka sana. Mimi njo niliupanga ule mnara, na mimi njo nilipiga ile foto. Sasa nasema: kwa macho ni kazi nzuri, kwa joto ni kazi mbaya, na ubaya wake umelipishwa mtu ambaye hakuupanga.

Habari munaijua. Ampli ilikufa mwezi uliopita, miezi 14 baada ya kununuliwa kwa kotizasio yetu. Kwenye mkutano tulisema kijana anayeshika mashine aliiacha inawaka usiku kucha, kwa hiyo alipe dola 40 kati ya 110. Hakubisha. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikanyoosha mkono pamoja na wengine. Mmoja alisema ni umeme, mwingine akasema vitu vya siku hizi havina nguvu. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeilaza ampli chini ya vingine. Nitarudi kwa zile dola 40. Kwanza tuuangalie mnara wenyewe, vile tunavyoangaliaka kitabu ao wimbo: unataka nini, unafanya nini, unakosea wapi.

Tuanze kwa kuutetea, juu una haki yake. Meza yetu ni ndogo. Ukiweka ordinatere, mikro, daftari na glasi ya maji ya mgeni, nafasi imekwisha. Visanduku vikipandana, waya zinakuwa fupi, kifungo cha sauti kinakaa karibu na mkono, na vumbi linapanguswa mahali pamoja. Tena kuna kitu kingine ambacho sikidharau: heshima. Yule mama wa Kabare aliyekuja kusema juu ya mnyauko wa migomba, alipoingia na kuona ile meza, alikaa vizuri akarekebisha kitenge chake. Alijua kwamba hapa maneno yake yatashikwa na watu wanaojua kazi. Meza yenye waya zimetapakaa kama mizizi ya kalitusi ingemwambia kitu kingine. Kwa hiyo sisemi kwamba uzuri hauna maana. Nasema uzuri huu ulichukuliwa mahali fulani bila masharti yake.

Zamani kidogo, mwishoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji wa Japani walianza kutoa vifaa vidogo vya muziki vya upana mmoja ili vipandane: ampli, radio, kaseti. Kutoka hapo ndiko zimezaliwa zile shene za muziki tulizozikuta kwa nyumba za ba papa. Lakini muziangalie vizuri, kama moja ingali kwa nyumba yenu. Nyingi si visanduku vinne. Ni sanduku moja la plastiki lililochorwa mistari ili lifanane na visanduku vinne! Yaani sura ya mnara ilipendwa sana mpaka ikabaki sura tupu, pambo. Na zile zilizokuwa visanduku vya kweli zilikuja na kitabu cha maelekezo, na vitabu vingi vya ampli vinakataza kuweka kitu juu ya matundu yake ya hewa. Nani alisomaka kile kitabu? Mama aliweka kitambaa, juu ya kitambaa akaweka maua ya plastiki, juu ya maua hakukuwa tena nafasi, Mungu alisaidia.

Mnara wa juu ya meza tunaouona siku hizi, ule wa watu wa kaske na wa studio ndogo, una historia fupi zaidi. Kampuni ya Schiit ya Marekani ilianza mwaka 2010 na ampli ya kaske iliyoitwa Asgard. Ile ilikuwa ya daraja A, nitaeleza maana yake baadaye, na chuma cha sanduku lake chenyewe kilifanya kazi ya radiatere. Ilikuwa inachoma mkono, na watu wote walijua. Mwisho wa mwaka 2012 kampuni hiyohiyo ilitoa visanduku viwili vidogo, Magni na Modi, kila kimoja dola 99. Magni ni ampli, Modi ni kile wanaita DAC, kigeuzi kinachogeuza namba za ordinatere kuwa sauti. Vina ukubwa mmoja, vinapandana kama sahani. Kuna wengine wengi pia, Topping, iFi, JDS Labs, kila mmoja na jozi yake ya visanduku vya kulingana.

Mimi nikiwa mchambuzi, ile jozi ya kwanza naisifu. Muangalie masharti yake. Ni viwili tu. Ni vya chuma. Transfo ya ampli haiko ndani ya sanduku, iko kwenye stekeri ya ukutani, kwa hiyo sehemu moja ya joto imebaki mbali. Na kile kigeuzi kinakula umeme kidogo sana, kama wati moja ao mbili. Pale mnara unabeba joto dogo, na unaweza kulibeba. Ile Asgard ilikuwa mambo mengine: sanduku ambalo ni radiatere halikubali mzigo juu yake, sawa na mbabula haikubali godoro. Sisi tunaokopi tunachukua umbo, tunaacha masharti. Tunaongeza cha tatu, cha nne, tunaingiza chenye transfo ndani, tunaweka chaja ya simu juu, kisha tunapiga foto.

Sasa joto lenyewe. Hapa niko kwa kazi yangu, juu sisi wa agronomia tunajua mrundo kuliko watu wa elektroniki.

Ukitaka kompositi ichemke, unafanya nini? Unairundika. Majani yaleyale ukiyatandaza chini hayapandi joto hata kidogo. Ukiyakusanya mrundo wa meta moja kila upande, katikati inafika digrii 55, hata 65. Majani hayakubadilika. Kilichobadilika ni njia ya joto kutoka: ndani ya mrundo kila jani limefunikwa na jani lingine. Na ukihifadhi mahindi kwa depo, unafanya kinyume. Magunia yanakaa juu ya ubao, hayagusi chini, hayagusi ukuta, unaacha nafasi ya mtu kupita, unaacha nafasi chini ya paa. Kila lisansie wetu amejibu swali hilo kwa mtihani. Mimi nililijibu vizuri sana, kisha nikaenda kupanga visanduku vya joto kama mtu anayetaka kompositi.

Tufanye hesabu kidogo, ni ya shule ya msingi. Kila kisanduku chetu kina urefu wa santimeta 20, upana wa 16, kimo cha 5. Uso wa juu ni santimeta mraba 320. Mbavu zote nne pamoja ni 360. Uso wa chini umelala kwenye meza, tuuache. Kwa hiyo kila kisanduku kina 680 za kupumulia, na vitatu vikikaa kila kimoja peke yake ni 2040. Ukivipandanisha, unabaki na uso mmoja wa juu na mbavu za vyote vitatu: 1400. Umepoteza karibu theluthi moja. Lakini hiyo ni hesabu ya mnara mzima, na mnara mzima haufi. Anayekufa ni wa chini. Yule wa chini alikuwa na 680, sasa ana 360. Amepoteza karibu nusu, na aliyoipoteza njo ile nzuri, uso wa juu, mahali hewa moto inapotaka kupita juu hewa moto inapanda. Tena juu ya kichwa chake amewekewa jirani mwenye joto lake mwenyewe.

Na nani alikuwa chini katika mnara wetu? Ampli. Niliiweka chini juu ya uzito. Ndiyo akili ya magunia: zito chini, jepesi juu. Pia kifungo chake cha sauti kilikuwa karibu na mkono pale chini. Kwa macho ilikuwa sawa kabisa. Hii njo shida yangu kubwa na sura ya mnara: inakuomba upange kwa uzito na kwa upana, wakati swali la kweli ni nani anatoa joto na nani anateseka nalo. Visanduku vikiwa na sura moja, jicho linadhani vina kazi moja. Haviko na kazi moja. Kadi yetu ya sauti inalishwa na waya wa USB, na USB ya aina ile ya zamani, ya pili, inatoa mwisho wati 2.5. Hata kama yote itageuka joto ni joto la taa ndogo. Ampli yetu inakula wati 9 hata kama hakuna muziki. Umevivika shati moja, umesahau nani ana homa.

Nilisema nitaeleza madaraja. Ampli ya daraja A ina tranzista zinazofanya kazi wakati wote, hata kama mwimbaji amenyamaza. Kwa hesabu ya vitabu, ikiwa nzuri kabisa, nusu tu ya umeme inayokula inaweza kuwa sauti, na kwa kweli ni chini ya hapo. Mwingereza John Linsley Hood alichapisha mwaka 1969, katika gazeti la Wireless World, mchoro wa ampli ya daraja A ya wati 10, na watu wangali wanaijenga mpaka leo, na radiatere zake ni kubwa kuliko unavyofikiri kwa wati 10. Jambo ambalo linanishangaza mpaka leo: ampli ya aina hii inakuwa moto zaidi wakati wa ukimya, juu umeme wote unageuka joto, hakuna hata kidogo kinachokwenda kwa bafle. Daraja AB inapumzika kidogo, hiyo njo ya kwetu. Daraja D inapoteza kidogo sana, nyingine chini ya sehemu 10 kwa 100. Mtu mwenye visanduku vya daraja D anaweza kucheka hii makala yote na atakuwa na haki. Lakini aangalie na alimentasio yake, ile sehemu inayopokea umeme na kuugawa, juu mara nyingi joto linatoka pale, si kwa ampli.

Nilipima. Sina vifaa vya fundi, nina kile kipimajoto kirefu cha kompositi, chuma kama sindano ya kushonea magunia. Tulinunua ampli ya pili ya aina ileile, nikaipanga vile ilivyokuwa zamani, chini, na vyote viwili juu yake. Chumba kilikuwa na digrii 24. Baada ya saa tatu niliingiza sindano kati ya ampli na kisanduku cha juu: digrii 51. Kesho yake niliweka ampli peke yake, pembeni, saa tatu zilezile: 38 juu ya mgongo wake. Siku ya tatu niliirudisha chini lakini nikainua kisanduku cha juu kwa vipande vya mbao vya santimeta 3: 42. Siku ya nne niliipeleka juu kabisa ya mnara: 40, na kadi ya sauti iliyokuwa chini yake 36. Si maabara, najua. Ni kipimajoto kimoja na mtu mmoja. Lakini tofauti ya digrii 13 si ya kubahatisha, na hata mkono unaisikia. Kwa digrii 40 unaacha kiganja juu ya chuma ukiongea na mwenzako. Kwa 50 na kitu unaanza kuhesabu. Ikifika 60 unautoa bila kuamua.

Sasa digrii 13 zinafanya nini? Ndani ya ampli kuna kondansatere, yale mapipa madogo yenye maji-maji ndani. Yameandikwa ubavuni digrii 85 ao 105, na mtengenezaji anatoa saa ambazo yataishi kwa joto lile. Ya bei ndogo mara nyingi ni saa 2000 kwa digrii 85. Kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila ukipunguza digrii 10 maisha yanazidishwa mara mbili. Kwa hiyo digrii 75, saa 4000. Digrii 65, saa 8000. Digrii 55, saa 16000. Mwaka mzima una saa 8760. Ndani ya sanduku ni moto kuliko nje, tuseme digrii 14 zaidi, basi ile ampli ya chini ya mnara ilikuwa inaishi karibu na 65, na ikiwa peke yake ingekuwa chini kidogo ya 55. Moja inapewa karibu miezi 11 ya kuwaka bila kuzimwa, nyingine karibu miaka miwili. Ampli yetu ilikufa baada ya miezi 14, na kijana mwenyewe alikubali kwamba usiku mwingi haikuzimwa. Haikuzimwa juu tulikuwa tunamtuma asubuhi saa kumi na mbili arushe kipindi, na kifungo cha kuiwasha kiko nyuma, mahali mnara haukubali mkono upite. Hii nayo ni kosa la mpango, si la kijana.

Fundi aliyeifungua alinionyesha. Mapipa mawili yalikuwa yamevimba kichwani kama mkate, na kibao chini yake kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawa. Nilimuliza kama ni umeme wa usiku ule. Akanijibu hivi: «Apana, mukubwa. Hii haikukufa siku moja. Hii ilikuwa inakufaka kila siku, njo muliona tu ile siku ya mwisho.» Kama ni umeme uliopanda ghafula, alisema, angekuta fuse imelipuka na kitu kimepasuka, si kibao kilichochomwa polepole kama nyama ya muchomo. Nilimlipa dola 5, nikakaa kwa barza yake muda mrefu kidogo.

Kuna watakaosema: huku Bukavu kuna baridi, hayo ya joto ni ya Kinshasa na Kindu. Nusu ya neno hilo ni kweli. Chumba chenye digrii 22 kinasaidia, na mtu wa Kindu asipange hata visanduku viwili. Lakini tuko karibu meta 1500 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu 14 kwa 100 kuliko ya kando ya bahari, na hewa njo inayobeba joto kutoka kwenye chuma. Hewa nyepesi inabeba kidogo. Vitabu vingi vya vifaa vinaandika kwamba vimetengenezwa kwa mpaka meta 2000, kwa hiyo hatujatoka nje ya masharti, ila tumesogea upande wa mpaka, na mtu aliyepiga zile foto nzuri za mnara hakuzipigia huku.

Umeme wetu nao una sehemu yake, lakini si ile mliyoitaja kwenye mkutano. Chukua alimentasio ya namna ya zamani, yenye transfo na regilatere. Transfo inatoa volti 12, regilatere inashusha mpaka 5, na kifaa kinavuta nusu ampere. Zile volti 7 za katikati zinageuka joto: wati 3.5. Umeme wa ukutani ukipanda toka 220 mpaka 250, transfo haitoi tena 12, inatoa kama 13.6, na joto linakuwa wati 4.3. Umeme umeongezeka sehemu 14 kwa 100, joto limeongezeka zaidi ya 20. Hakuna kilicholipuka, hakuna taa iliyokatika, muziki unaendelea. Kwa hiyo ndiyo, umeme ulikuwemo, lakini ulifanya kazi kupitia joto, na joto tulikuwa tumelifungia sisi wenyewe. Na wale wa panu za jua wenye ondilere za bei ndogo, zile ambazo wimbi lake ni la ngazi-ngazi badala ya mviringo: sikilizeni transfo yenu. Ikinung'unika, inachemka pia.

Nataka kusema neno juu ya dawa ambazo watu wanashauriana, juu nyingine ni mbaya kuliko ugonjwa. Ventilatere: inapoza, sibishi, hata ndogo kabisa ya kuvuta hewa polepole inashusha digrii nyingi. Lakini katika studio mikro inasikia. Na kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, vumbi la barabara zetu linaingia, linakaa ndani kama blanketi, na ukisahau kusafisha unakuwa na sanduku lenye joto na blanketi. Kubandika radiatere ndogo za alumini juu ya kifuniko: pesa za bure, isipokuwa kama tranzista zenyewe zimefungwa kwenye kile chuma. Kama hewa iko katikati ya tranzista na kifuniko, unapoza kofia ya mgonjwa. Stabilizatere nzuri ni dawa ya kweli kwa ile hesabu ya volti 250, ila tafadhali isiwe ghorofa ya nne ya mnara. Nimeona mahali imewekwa hivyo!

Halafu kuna imani ya wapenda muziki kwamba kifaa kikichemka kinaimba vizuri. Wana chembe ya ukweli. Ampli nyingine zinahitaji kama nusu saa zitulie, juu tranzista hubadilika na joto, inataka kama milivolti 2 pungufu kwa kila digrii inayoongezeka. Lakini jambo hilohilo njo hatari. Tranzista ikipata joto inapitisha umeme zaidi, ikipitisha zaidi inapata joto zaidi, na kama mchoro haukuweka breki, inajipika mpaka mwisho. Kutulia ni kitu kimoja, kuivishwa ni kingine.

Kitambaa cha kroshe, samahani kwa mama aliyekishona, kilikuwa kosa la mwisho na dogo kuliko yote. Kilifunika matundu ya kisanduku cha juu, ambacho hakina joto la maana. Nimekihamisha chini ya mikro, kinazuia mlio wa meza, na kweli sauti imekuwa safi kidogo. Kitu kizuri kilikuwa tu mahali pabaya.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya mnara kama kazi ya kupanga ni hii: unaruhusiwa kuwa ghorofa mbili, si tatu. Chenye joto kinakaa juu hata kama ni kizito, na kama kinazidi kwa upana kile cha chini, kinakaa pembeni peke yake. Katikati kuna nafasi ambayo kidole gumba kinapita. Chenye matundu tumboni kinahitaji miguu mirefu, juu kinavuta hewa kutoka chini. Chenye taa za radio za zamani, zile za kioo, hakipandiwi kabisa. Transfo kubwa isilale mgongoni mwa kadi ya sauti, hata kama hakuna joto, juu mlio wake utaingia kwa rekodi. Na kifungo cha kuzima kiwe mahali mkono unafika gizani.

Nimeipanga upya meza jana. Ampli mpya iko upande wa kulia, peke yake, juu ya vipande viwili vya mbao ya kalitusi, na kadi ya sauti na kigeuzi vimepandana upande wa kushoto. Waya imebidi niongeze meta moja. Meza inaonekana imejaa, kidogo kama duka la spea. Kifungo cha nyuma sasa kinafikika.

Zile dola 40: kijana amekwisha kulipa 25. Naomba mtunza hazina amrudishie Jumamosi, na zote 40 ziandikwe kwa jina langu. Nitaleta 20 siku hiyo, na 20 mwezi ujao.